Gilasi ya Manjano: Faida Yake na Mpaka Wake



Mara nyingi baada ya darsa kina mama hutuuliza juu ya ile juisi nzito ya manjano na tangawizi ambayo vijana huiita smuthi: je, ni kweli huondoa maumivu ya viungo? Swali hili lastahili jibu la uadilifu, kwani mwili ni amana na kila mmoja wetu ataulizwa alivyoutunza.

Kidole kikikatwa na kisu huvimba, huwa chekundu na kupata joto. Hiyo ni rehema: mwili unajitetea. Madhara huja pale hali kama hiyo inapokaa ndani ya mwili kimya kimya kwa miaka, ikachosha viungo na mishipa ya moyo. Matunda, mboga na viungo vya jikoni vyaweza kusaidia kuipunguza, lakini kwa mwendo wa taratibu.

Vitu hivyo havikosekani majumbani mwetu. Tangawizi imetajwa katika Surat Al-Insan pamoja na vinywaji vya watu wa Peponi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akila tende mbivu kwa tango. Manjano nayo ina kiini kiitwacho kurkumini, ambacho kikiwa peke yake huingia mwilini kwa uchache sana. Pilipili manga na mafuta kidogo hukisaidia. Bibi zetu walivichanganya vitatu hivyo katika mchuzi wa nazi zamani sana.

Kwa gilasi moja, twaa kipande cha papai bivu, nusu tango, tangawizi mbichi kiasi cha ncha ya kidole, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili manga chembe chache na nusu kikombe cha mtindi. Saga, unywe papo hapo, kwani papai likikaa ndani ya maziwa huwa chungu.

Usichuje, maana nyuzinyuzi za tunda zimo katika makapi. Wala usitie sukari. Shirika la Afya Duniani lasema ni bora sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isipite takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vya chai 6. Mwenye kutia vijiko vitatu katika gilasi, kisha akanywa chai tamu na kula kaimati za shira, amekwisha kuuvuka mpaka huo.

Na mpaka mkubwa zaidi ni huu: gilasi hii ni chakula. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa ajili yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe ya nyongo, na amwulize daktari kabla ya kuizoea manjano kila siku. Kujitibu ni katika mafundisho ya dini yetu, na kuiacha dawa si tawakkul.

Mwisho, twawausia kina mama. Mara nyingi ninyi huwamiminia wote nyumbani, mkabaki na jagi tupu. Jiwekeeni gilasi yenu, ndogo na ya kila siku, kwani amali ipendezayo ni ile idumuyo hata ikiwa chache.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na shukrani juu yake. Amin.