Ukubwa wa Sampuli na Nguvu ya Kitakwimu katika Kupanga Tafiti za Afua za Afya

Makala haya yanaeleza kwa nini idadi ya washiriki katika utafiti wa afua za afya hukokotolewa kabla ya kazi kuanza. Nguvu ya kitakwimu ni uwezekano wa utafiti kubaini tofauti iliyopo kweli. Kwa desturi, watafiti hulenga angalau asilimia 80, huku wakikubali hatari ya asilimia 5 ya kudai tofauti isiyokuwapo.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa kliniki ya wajawazito huko Kibuli, jijini Kampala, ambako asilimia 50 ya akina mama hukamilisha mahudhurio. Mtafiti anatarajia kwamba ujumbe wa simu wa kuwakumbusha utaongeza kiwango hicho hadi asilimia 65. Kwa viwango vilivyotajwa, kila kundi linahitaji akina mama 167. Ikikadiriwa kwamba mmoja kati ya kumi atajitoa, waandikishwe 186 kwa kila kundi. Tofauti inayotarajiwa ikipungua kwa nusu, idadi hiyo huongezeka takribani mara nne. Mtafiti akichukua 30 kwa kila kundi kwa kuwa ndio waliopatikana, nguvu hushuka hadi takribani asilimia 22. Yaani, karibu tafiti nne kati ya tano za namna hiyo zitatoka mikono mitupu ingawa ujumbe unasaidia.

Tukio linalopimwa likiwa adimu, sampuli hulazimika kuwa kubwa zaidi. Utafiti wa tohara uliofanyika Rakai, kusini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2007, ulishirikisha wanaume 4,996. Katika miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 22 miongoni mwa waliotahiriwa mwanzoni na 45 miongoni mwa waliosubiri. Kama wangekuwa wanaume 500 tu, yangetarajiwa maambukizi mawili dhidi ya manne au matano, tofauti ambayo bahati pekee ingeweza kuileta. Badala yake, matokeo hayo, pamoja na yale ya Kisumu na Afrika Kusini, yaliliwezesha Shirika la Afya Duniani kupendekeza tohara mwaka huohuo.

Kwa hiyo, kutobaini tofauti si ushahidi kwamba tofauti haipo. Sampuli ndogo mno huwapotezea washiriki muda na huweza kusababisha afua yenye manufaa kutupwa. Kubwa mno huwaingiza watu katika utafiti bila sababu. Pendekezo la utafiti lioneshe ukokotoaji wenyewe na chanzo cha kila makadirio.