Kukesha Wakati wa Mavuno na Maradhi ya Saratani



Sote twajua usiku wa mavuno ulivyo. Karafuu mbichi hazingoji. Zikirundikana na makonyo yake hupata joto zikavunda. Kwa hiyo nyumba nzima huketi juu ya jamvi ikichambua mpaka saa sita, pengine saa saba za usiku. Na penye kukesha hapakosi birika la chai, wala sigara na tambuu za kufukuzia usingizi.

Baadhi ya wanachama wametuuliza: Je, ni kweli kwamba kukesha huleta saratani? Swali hili ni zuri, nasi twataka kulijibu bila ya kutishana.

Katika safari yetu ya bara tulifika Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Njia yake ni ya lami, nayo huanzia mahali paitwapo Mpemba, karibu na Tunduma (wasomaji wetu wa Pemba wasidhani kwamba wana ndugu huko), ikaenda yapata kilomita 50 hata mpaka wa Malawi. Mwenyeji wetu, mkulima wa kahawa, alitueleza habari za kaka yake. Kwanza nyama ilikuwa ikimkwama akimeza. Baadaye ugali ukakwama, kisha hata uji. Alidhani ni koo tu, akanywa dawa za mizizi kwa miezi. Alipofika hospitali, umio, yaani mrija upitishao chakula kwenda tumboni, ulikuwa karibu kuziba kwa saratani. Alizikwa kabla mahindi yake hayajavunwa.

Maradhi hayo si mageni upande ule. Malawi ni miongoni mwa nchi zenye saratani ya umio nyingi kabisa duniani, na ukanda wake waanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, ukashuka mpaka Afrika Kusini. Sababu zake ni nyingi, na wataalamu wangali wakizichungua. Moja wanayoishuku ni vinywaji vya moto mno. Huko Kilimanjaro watafiti walipima chai ya watu wakati wanapoanza kuinywa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2015: kwa wastani joto lake lilipita nyuzi 70. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vilivyopita nyuzi 65 yaelekea huleta saratani ya umio. Angalieni vema: kosa si la chai wala la kahawa, ni la moto wake. Wala hatusemi kwamba chai ndiyo iliyomwua ndugu yule wa Isongole. Hilo hapana awezaye kulisema kwa mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye kukesha. Mwili una saa yake. Giza likiingia, ubongo hutoa kitu kiitwacho melatonini, kinachouambia mwili kwamba sasa ni wakati wa kupumzika. Taa na kazi za usiku huivuruga saa hiyo. Shirika lile lile lilisema mwaka 2007, likarudia mwaka 2019, kwamba kazi ya zamu za usiku yaelekea huongeza hatari ya saratani. Neno ni "yaelekea", si "hakika". Tena wanaotajwa ni watu kama wauguzi na wafanyakazi wa viwanda, ambao hufanya kazi usiku miaka na miaka. Majuma machache ya kuchambua karafuu si sawa na hayo, wala mtu asiache mazao yake yakaoza kwa hofu.

Lakini vile tunavyovitumia ili tusilale ni jambo jingine kabisa. Juu ya tumbaku hakuna tena "yaelekea": huleta saratani ya mapafu, ya kinywa, ya koo, ya umio na nyinginezo. Popoo nayo huleta saratani ya kinywa, hata tambuu isipotiwa tumbaku. Pombe pia imo, na ikiandamana na sigara hatari huzidi maradufu. Basi adui si ule usiku. Adui ni vile tunavyoukaribishia.

Usingizi haba una madhara mengine pia. Mtu aliyechoka hula ovyo, hupenda vitu vitamu, na mwisho hunenepa. Na unene kupita kiasi umehusishwa na saratani za aina 13. Mtu mzima ahitaji kulala saa saba hivi.

Basi twashauri haya. Gaweni zamu za kuchambua, ili asiwe mtu yule yule kila usiku. Chai ikishamiminwa, iacheni dakika tano. Ikiunguza mdomo, bado haijafaa kunywewa. Sigara na tambuu zisiwe ujira wa mkesha. Mavuno yakiisha, rudini kulala mapema.

Si kila saratani hutokana na mwenendo wa mtu, kwa hiyo mgonjwa asilaumiwe. Ile ya mlango wa kizazi hutokana na virusi, na chanjo yake hutolewa nchini kwa wasichana tangu mwaka 2018. Wazazi wasiwazuie binti zao. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kati ya saratani 100, 30 hadi 50 zaweza kuzuiwa. Hiyo si sehemu ndogo.

Mwisho, twawasihi: chakula kikikukwama zaidi ya majuma mawili, au kidonda cha kinywani kisipopona kwa muda huo, nenda hospitali, usingoje mavuno yaishe. Karafuu zaweza kuchambuliwa na jirani, lakini koo lako hapana atakayekupelekea kwa daktari. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Yule mkulima wa Isongole alitamani nduguye angaliyasikia haya mapema. Ninyi mmeyasikia.