Alsace: Ulale Kijiji Gani?

Mgeni anayekwenda Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kwa kawaida hushauriwa apange hoteli Colmar na avizungukie vijiji vya mvinyo mchana. Ushauri huo unamfaa mwenye haraka. Anayetaka kuvijua vijiji vyenyewe unamnyima saa zilizo bora. Njia ya Mvinyo ya Alsace, iliyozinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim hadi Thann, na vijiji vyake vimekaribiana mno. Kutoka kimoja hadi kingine mara nyingi ni kilomita mbili tatu kati ya mizabibu. Anayelala mjini huingia Riquewihr pamoja na mabasi ya watalii na kutoka nayo. Kijiji hicho kina wakazi elfu moja hivi, na kwa mchana kutwa hao ndio wachache barabarani. Jioni mabasi yakishaondoka, ndipo wenyeji wanapopata nafasi ya kusimama na kuzungumza.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Nchini Ufaransa dereva haruhusiwi kufikisha nusu gramu ya alkoholi katika lita moja ya damu, na mwenye leseni mpya kiwango chake ni gramu 0.2. Anayeonja Riesling hapa na Gewurztraminer pale, kisha akashika usukani kurudi hotelini, anacheza na leseni yake na maisha ya wengine. Aliyepanga kijijini hurudi kwa miguu. Hata asiyekunywa ananufaika, maana vijia vya shambani hupendeza zaidi asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali.

Lakini kijiji gani? Riquewihr, Eguisheim na Kaysersberg ndivyo vinavyopigwa picha, kwa nyumba zao za zamani za mbao zilizopakwa rangi, na vyumba vyake huwahi kujaa. Mimi ningependekeza Bennwihr au Sigolsheim. Vijiji hivi vilibomolewa katika mapigano ya Desemba 1944 na kujengwa upya baada ya vita, kwa hiyo havina sura ya kadi ya posta, na wapita njia wengi hawashuki garini. Wanachokikosa ni kikubwa. Kanisa jipya la Bennwihr lina ukuta mrefu wa vioo vya rangi, kazi ya zama za ujenzi huo. Juu ya Sigolsheim, katikati ya mizabibu, yako makaburi ya wanajeshi zaidi ya 1,500 wa jeshi la Ufaransa, wakiwemo Waislamu wengi kutoka Afrika Kaskazini, na mawe ya makaburi yao yamechongwa kwa umbo tofauti na misalaba ya wenzao. Ukisimama hapo unaliona bonde lote lililopiganiwa. Na Kaysersberg, alikozaliwa Albert Schweitzer, daktari wa hospitali ya Lambaréné nchini Gabon, hakiko mbali kwa miguu.

Atakayepinga atauliza: na asiye na gari je? Hoja hiyo ina uzito. Treni ya kutoka Strasbourg hufika Colmar kwa nusu saa hivi, lakini mabasi ya kwenda vijijini ni machache, hasa Jumapili. Mwenye usiku mmoja tu na alale Colmar, sina ugomvi naye. Mwenye siku tatu au zaidi akodi baiskeli, kwa sababu ipo njia ya baiskeli inayopita mashambani humo. Mwingine atasema kijiji kidogo kina mgahawa mmoja, nao hufungwa baadhi ya siku. Ni kweli, na ndiyo maana napendelea vyumba vya kupanga nyumbani kwa wenyeji kuliko hoteli. Sheria ya Ufaransa inamruhusu mwenye nyumba kupangisha vyumba visivyozidi vitano kwa wageni wasiozidi 15, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Chakula cha jioni ni hiari yake, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Wengi wa wenyeji hao ni wakulima wa zabibu. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba ni mavuno. Wako shambani tangu alfajiri na vyumba vyao hukaliwa mapema. Anayeomba viza ya Schengen kutoka Nairobi au Dar es Salaam amtake mwenyeji uthibitisho wa maandishi wa malazi, wenye tarehe na anwani kamili, kwani ubalozi utauhitaji.