Wazo la makala ni shilingi ngapi?

Ukiishi Musoma, kichwa kikikauka na makala inadaiwa, mkono kwanza unakwenda kwenye simu kununua bando. Nimefanya hivyo miaka mingi. Bando la wiki linakatika siku ya tatu, na nilichochota humo ni mawazo ya watu wa Dar es Salaam na Nairobi ambayo wenyewe wameshayaandika. Nikaamua kupiga hesabu: kwa fedha ileile, ni wapi nitapata cha kuandika?

Soko la Mwigobero linaongoza. Ukiwa mjini unafika kwa miguu. Daftari dogo ni shilingi 1,000, na chai kwa chapati ni kama 1,000 nyingine. Asubuhi moja nilimkuta mama muuza dagaa akisawazisha sado kwa kiganja, wa juu wakidondoka tena kwenye turubai. Nikamuuliza mbona bei imepanda ghafla.

"Mwezi umejaa, mwanangu," akasema, huku anapima.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ikiwavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikishamiri taa haina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Nilirudi nyumbani na makala nne: bei inayofuata mwezi; taa za sola zilivyochukua nafasi ya karabai; hasara ni ya nani mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa; na mvuvi anakula nini siku hizo za mwanga. Hiyo ya mwisho ilinisumbua kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda.

Butiama ni ghali zaidi. Ni kilomita 40 hivi, kwa hiyo hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula, kiingilio cha makumbusho (Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni) na siku nzima. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki, na kaburi lake liko hapo hapo, eneo la Mwitongo. Usiende kuandika wasifu wake, umeshaandikwa sana. Kilichonikaa mimi ni kwamba mtu aliyekuwa anaongoza nchi alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare: Julius Caesar ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Tangu nilipotembelea hapo nina njia isiyo na nauli: natafuta neno moja la Kizanaki au Kijita linalokataa kuingia kwenye Kiswahili, kisha naeleza linakataa kwa nini. Mzee wa nyumbani ndiye kamusi. Hadai malipo, anachotaka ni ukae naye.

Bunda, kilomita 70 hivi, sikushauri uifuate kwa ajili ya wazo tu, labda uwe unapita kwenda Mwanza. Wengi hufikiri utajiri wa pale ni kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Kwa Mtanzania kiingilio hakitishi. Kinachomaliza mfuko ni gari la kukodi, na utarudi na picha za simba kama za kila mtu. Vijiji vilivyo jirani na hifadhi vina habari nzito kuliko hiyo: tembo wanatoka usiku na kula shamba. Kwa mkulima aliyekesha akigonga madebe kuwafukuza, gharama yako ni soda moja na kumsikiliza mpaka amalize. Mpigie kwanza, maana aliyekesha shambani asubuhi hulala.