Farasi Mmoja kwa Wanafunzi Watatu

Katika mwaka wa masomo wa 2025/26, chuo kikuu nchini England hakikuruhusiwa kumtoza mwanafunzi mwenyeji wa shahada ya kwanza ada inayozidi pauni 9,535 kwa mwaka. Ukikadiria pauni moja kuwa shilingi 170 za Kenya, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.6. Ukomo ni huo huo kwa anayesoma sheria na kwa anayesoma utunzaji na ufundishaji wa farasi. Wa sheria anahitaji kiti, maktaba na mhadhiri. Wa farasi anahitaji hayo yote, na juu yake mnyama wa kilo 500 anayekula mchana na usiku, wanafunzi wawepo au wawe likizo.

Vyuo vya kilimo vya England vina historia ndefu na mnyama huyu. Cha Cirencester kilianzishwa mwaka 1845, na leo ndicho Royal Agricultural University. Harper Adams kilifuata mwaka 1901. Hartpury, kilichoko Gloucestershire na kinachojulikana zaidi kwa farasi, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2018. Hapo 1845 hakukuwa na haja ya somo la pekee la farasi, kwa kuwa farasi ndiye aliyekuwa injini ya shamba zima. Mkulima aliyelima kwa plau yenye mfuo wa sentimita 23 alitembea karibu kilomita 18 nyuma ya wanyama wake ili kumaliza eka moja. Trekta lilipomwondoa farasi shambani, wengi walidhani habari yake imekwisha. Haikuwa hivyo. Utafiti wa mwaka 2019 wa chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya farasi ulikadiria kuwa Uingereza ina farasi 847,000, na wengi wao ni wa kupanda, wa michezo na wa mbio. Wanyama hao wote wanahitaji watu wanaojua kuwatunza.

Basi tuchukue chuo cha mfano chenye farasi 100 na wanafunzi 300 wa kozi za farasi. Bei nitakazotumia kwa malisho na viatu ni za kukadiria, lakini haziko mbali na zile za sokoni. Mishahara ni ya kisheria.

Farasi wa kilo 500 hula nyasi kavu zipatazo kilo 10 kwa siku. Farasi 100 watamaliza tani moja kila siku, yaani tani 365 kwa mwaka wakilishwa zizini mwaka mzima. Hekta moja ya majani ikitoa tani 5, chuo kitahitaji hekta 73 za kukata nyasi tu. Kikizinunua kwa pauni 160 kwa tani, bili ni pauni 58,400. Wakati wa kiangazi farasi huachiwa malishoni na matumizi ya nyasi kavu hupungua, lakini malisho nayo ni ardhi: kipimo kinachotumika sana huko ni eka moja hadi moja na nusu kwa kila farasi, kwa hiyo eka 100 hadi 150. Hapa ndipo unapoona kwa nini kozi za farasi zimekaa zaidi katika vyuo vya kilimo kuliko penginepo. Chuo chenye shamba kinajikatia nyasi, kinatandika zizi kwa mabua ya ngano yake, na kinarudisha samadi shambani. Samadi hiyo si haba. Kila farasi hutoa takriban kilo 23 za kinyesi na mkojo kwa siku, na kwa farasi 100 hizo ni tani 840 kwa mwaka, kabla hujahesabu matandiko ya zizi yanayotoka pamoja nazo.

Kwato zinagharimu kuliko tumbo. Farasi hubadilishwa viatu kila baada ya wiki sita hadi nane. Tuseme mara nane kwa mwaka, kwa pauni 90 kila mara: farasi 100 watakula pauni 72,000. Tena kazi hii haiwezi kupewa yeyote aliye na nyundo mkononi. Sheria ya mwaka 1975 inataka fundi wa viatu vya farasi awe amesajiliwa, na uanagenzi wake huchukua takriban miaka minne.

Hata hivyo, nyasi na viatu ni fedha ndogo. Gharama kubwa ni mikono ya watu, na chanzo chake ni umbo la tumbo la farasi.

Tumbo lake hubeba lita 8 hadi 15 tu, ilhali tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa hupita lita 100. Ng'ombe hujaza, akalala, akacheua. Farasi hana uwezo huo. Akiwa huru malishoni hula kidogo kidogo hata kwa saa 16 kwa siku, na asidi ya tumbo lake haisubiri wakati wa chakula, inatiririka muda wote. Hawezi kutapika. Akipewa nafaka nyingi kwa mkupuo, au akikosa maji, anaweza kupatwa na msokoto wa tumbo ambao humuua katika saa chache. Ndiyo maana mwanafunzi mgeni huanza na vipimo kabla ya tandiko na hatamu: mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, joto la mwili nyuzi 37.5 hadi 38.5. Anayevijua atagundua saa kumi na moja alfajiri kwamba mnyama anaumwa. Asiyevijua atagundua saa tatu, amechelewa.

Kwa hiyo farasi wa zizini hulishwa mara nyingi kwa siku, hutolewa mavi, hubadilishiwa maji, huchanwa, hukaguliwa miguu, na hutazamwa tena usiku. Tuseme jumla ya kazi hiyo ni saa moja na nusu kwa farasi mmoja kwa siku, na hapo sijahesabu mafunzo yenyewe. Kwa farasi 100 katika siku 365, zinakuwa saa 54,750. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha: pauni 668,497. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na moja ya bili ya nyasi.

Ukijumlisha vitu hivi vitatu na kugawa, farasi mmoja anagharimu pauni 7,989 kwa mwaka, kabla ya daktari wa mifugo, bima, majengo na uwanja wa mazoezi. Wanafunzi watatu wanaoshiriki farasi mmoja wanalipa kwa pamoja ada ya pauni 28,605. Zaidi ya robo ya fedha hizo imekwisha kabla mhadhiri hajalipwa. Upande wa kilimo wa chuo hicho hicho hauko hivyo. Ng'ombe wa maziwa wa Uingereza hutoa takriban lita 8,000 kwa mwaka, na lita ikiuzwa peni 40 analeta pauni 3,200. Si faida yote hiyo, maana naye anakula na anahudumiwa, lakini anachangia. Farasi wa kufundishia hana anachouza.

Chuo kinazibaje pengo? Kwa sehemu kubwa, kwa zamu za wanafunzi. Wanafunzi 300 wakifanya zamu ya saa mbili kwa wiki, katika wiki 30 za masomo, wanatoa saa 18,000. Hiyo ni karibu theluthi ya kazi yote ya zizi, na kwa kima cha chini thamani yake ni pauni 219,780. Kila mmoja ametoa kazi ya pauni 732 na ushei.

Sioni ubaya katika zamu zenyewe. Mtu hawezi kujua farasi kwa kusoma, kama asivyoweza kujua bahari kwa ramani. Kutoa mavi asubuhi ni somo, kwa sababu mavi ndiyo taarifa ya kwanza ya afya ya mnyama: mangapi, magumu au laini, yana nafaka ambayo haikusagika kwa kuwa meno yamechongoka? Lakini somo lina mwalimu. Zamu ambayo msimamizi anasimama, anauliza, anasahihisha, ni elimu. Zamu ya arobaini isiyo na msimamizi ni ajira isiyolipwa, na kijana anayelipa ada ana haki ya kuuliza kabla ya kujisajili ni saa ngapi kwa wiki, nani anasimamia, na je, akizidisha atalipwa.

Sasa tumfuate mhitimu. Akimaliza miaka mitatu kwa ada ya 2025, ana deni la pauni 28,605, na bado mkopo wa kujikimu haujaingia hesabuni. Kwa mpango wa mikopo ulioanza na wanafunzi wa mwaka 2023, anarejesha asilimia 9 ya kila kinachozidi pauni 25,000 za mshahara, na deni lililobaki linafutwa baada ya miaka 40. Tuseme amepata kazi ya saisi kwa kima cha chini cha 2025, saa 40 kwa wiki, wiki 52. Atapata pauni 25,396.80 kwa mwaka. Kilichozidi mpaka ni pauni 396.80. Asilimia 9 yake ni pauni 35.71. Kwa kasi hiyo, kulipa ada peke yake, bila riba, kungechukua takriban miaka 800.

Wengi wakiona hesabu hiyo husema basi shahada ni bure. Si kweli. Mshahara ukifika pauni 35,000, makato yanakuwa pauni 900 kwa mwaka, na yanaweza kumfuata mtu mpaka nywele ziote mvi. Ninachokiona mimi ni kwamba soko la kazi halijawahi kulipa utunzaji wa farasi kwa thamani ya ujuzi unaohitajika. Saisi anawajibika kwa mnyama anayeweza kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na bado mwajiri akimpa chumba anaruhusiwa kisheria kuhesabu chumba hicho kuwa sehemu ya kima chake cha chini, pauni 10.66 kwa siku kwa viwango vya Aprili 2025. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya pauni 3,880. Watu wanaopenda wanyama hulipwa kidogo kwa sababu waajiri wanajua watakuja tu. Jambo hilo linaniudhi.

Njia nyingine zipo, na kwa anayetaka kushika kazi ya zizi ni bora zaidi. Kijana wa England mwenye miaka 16 hadi 18 hasomeshwi kwa ada. Anaweza kuchukua kozi ya miaka miwili ya utunzaji wa farasi katika chuo cha kilimo, zizi lile lile na walimu wale wale, atoke bila deni. Au aingie uanagenzi, ambako kima cha chini cha mwaka wa kwanza, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Kwa saa 40 atapata pauni 15,704 katika mwaka ambao mwenzake wa chuo kikuu amekopa 9,535. Tofauti kati yao mwaka mmoja tu ni pauni 25,239. Waajiri wengi pia huthamini mitihani ya vitendo ya British Horse Society, shirika la mwaka 1947, sawa na cheti cha darasani au zaidi. Shahada inafaa kwa anayelenga mbali na zizi: lishe ya wanyama, usimamizi wa mashamba, utafiti, ualimu. Kwa kijana kutoka Mombasa au Arusha hesabu ni nzito mara mbili, kwa kuwa ada ya wageni haina ukomo wa kisheria, mkopo wa serikali hapati, na viza ya mwanafunzi wa shahada inamruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Tena mnyama mwenyewe hakuota mizizi kwetu. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na unaoweza kuua hadi asilimia 95 ya farasi wanaoambukizwa, vilimzuia katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Punda huvumilia ugonjwa huo, na ndiye aliyebaki akibeba maji, mawe na mahindi.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katikati yake yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya kusafirisha ngozi, wizi ukaenea, hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji mwaka 2020. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukafuata kwa kusitisha biashara hiyo kwa miaka 15 barani kote. Punda ana tumbo dogo kama la farasi, meno yanayoendelea kuchomoza, na kwato zinazokua milimita kadhaa kila mwezi. Lamu imekuwa na zahanati ya punda tangu 1987, iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na elimu inayotumika humo ni ndugu wa ile inayofundishwa Hartpury.

Tufanye hesabu ya mwisho. Tuseme nusu ya punda wa Kenya hujisugulia kwato zao kwa barabara ngumu, na 600,000 waliobaki wanahitaji kupunguzwa kwato kila baada ya wiki kumi, mara tano kwa mwaka. Hizo ni kazi milioni 3. Fundi mmoja akihudumia punda 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza 3,000. Kenya peke yake ingehitaji mafundi 1,000. Egerton inafundisha kilimo tangu ilipokuwa shule ya shamba mwaka 1939, na Morogoro imekuwa na chuo cha kilimo tangu 1965. Kozi fupi ya kwato, meno na matandiko ya punda haihitaji uwanja wa kuruka viunzi wala hekta 73 za nyasi. Inahitaji punda kumi, kisu cha kwato, tupa, na mwalimu anayesimama kando ya mwanafunzi mpaka mkono wake uzoee.