"Bidhaa iliyouzwa hairudishwi": mnunuzi ana haki gani?

Angalia fakitire ya butiki nyingi mjini Butembo, Beni ao Bunia. Chini kabisa, kwa Kifaransa na kwa herufi ndogo, utakuta maneno haya: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mama aliyenunua kopo la maziwa ya mtoto, akalifungua nyumbani na kukuta unga umegandamana na unanuka, akirudi dukani anaonyeshwa mstari ule. Wengi wananyamaza na kupoteza makuta yao. Je, mstari ule una nguvu kuliko sheria?

Si kila mara.

Sheria ya mikataba inayotumiwa mpaka leo katika inchi yetu ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba mwaka 1888. Inasema kwamba muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichwa, yaani ile ambayo mnunuzi hangeweza kuiona siku ya kununua, na ambayo inafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hapo mnunuzi ana njia mbili: kurudisha kitu na kupewa makuta yake yote, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua kasoro na akanyamaza anaweza kudaiwa pia hasara iliyotokea.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Kasoro inayoonekana kwa macho ni juu ya mnunuzi: ukichukua shati lenye tundu na umeliona, usilaumu mtu. Aliyebadilisha mawazo tu, kwa sababu rangi haimpendezi tena, hawezi kulazimisha muuzaji. Na muuzaji ambaye kweli hakujua kasoro anaweza kujikinga, ikiwa mlipatana mbele kwamba hatajibu. Tena, usikawie. Anayeleta malalamiko kiisha miezi mingi atapata shida kueleza kwamba kasoro haikutokea kwake.

Haki hizi si za Kongo peke yake. Tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka 1962, rais wa Marekani John F. Kennedy aliambia bunge la inchi yake kwamba kila mnunuzi ana haki nne: usalama, kupewa habari za kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Tangu mwaka 1983, tarehe hiyo ni siku ya haki za wanunuzi ulimwenguni. Mwaka 1985, Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo ya kulinda wanunuzi.

Huku kwetu, sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2018 inaacha wafanya biashara wapange bei kwa uhuru, lakini katika ushindani wa haki. Kwa hiyo bei ya juu peke yake si kosa kila mara. Lakini kudanganya ni kosa.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, kabla ya kulipa, asome tarehe ya mwisho kwenye kopo, na aachane na ile iliyokwanguliwa ao kubandikwa karatasi ingine juu. Dawa iliyopita tarehe isinunuliwe hata kwa nusu ya bei. Pili, aombe fakitire na kuichunga, hata kwa kitu cha franka kidogo. Tatu, akikuta kasoro, arudi haraka na kitu chenyewe pamoja na karatasi yake, na aongee kwa heshima. Muuzaji akikataa, kuna ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, kuna huduma ya uchumi ya jimbo, na kwa mambo ya simu na intaneti kuna ARPTC. Mwisho kabisa ni tribinali.

Tusisahau kwamba muuzaji mdogo naye ni mnunuzi. Kartoni ya maziwa iliyopita Kasindi ilipitia mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye meza yake. Yule mama akirudisha kopo lake na fakitire, muuzaji naye anapata sababu ya kurudi kwa aliyemuuzia kwa jumla. Lakini mama akinyamaza, makopo yaliyobaki katika kartoni ile yatauzwa kwa mama wengine.