Utumbo Nao Hukosa Damu

Pita kwenye mashamba ya mpunga bonde la Kilombero, utakuta mfereji umeziba kwa tope na majaruba ya chini yanakauka. Mkulima akishindwa kuuzibua anafanyaje? Anachimba mwingine: anaanzia juu ya pale palipoziba, anautokeza chini yake. Madaktari wa upasuaji nao hufanya hivyo hivyo ndani ya tumbo la mtu.

Utumbo, ini na wengu hupata damu kwa ateri kubwa tatu zinazochepuka kutoka aota, yaani bomba kuu litokalo moyoni. (Usichanganye na ule "mshipa" wanaousema wazee, huo mara nyingi ni ngiri.) Mafuta huweza kuganda ndani ya ateri hizi kwa miaka mingi, hasa kwa mvuta sigara, mwenye kisukari au shinikizo la damu. Babu anakula vizuri tu, lakini baada ya nusu saa au saa nzima tumbo linamkamata. Mwishowe anaogopa chakula, anakonda, na majirani wanaanza maneno yao.

Daktari huchukua vena ya mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, au mrija wa kutengenezwa. Ncha moja anaishona kwenye aota, nyingine kwenye ateri ya utumbo, mbele ya pale palipoziba. Vena hiyo lazima igeuzwe kwanza juu chini! Ndani yake mna vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Isipogeuzwa, damu haipiti. Siku hizi wagonjwa wengi hupanuliwa ateri kwa kijiputo kinachopitishwa mkononi au kwenye kinena, bila kupasua tumbo.

Kwako kijana, hatari iliyo karibu zaidi ni utumbo kujisokota, au ngiri iliyobanwa. Damu hukatika ghafla, na ndani ya masaa 6 hivi utumbo unaweza kuanza kufa. Hapa hakuna haja ya mfereji mpya; daktari anafungua tumbo na kuukunjua, mradi umewahi.

Basi ukiona maumivu makali ya ghafla, tumbo linavimba, unatapika, choo hakitoki wala hewa, usinywe dawa ya kuharisha na usingoje kukuche. Zamani, mgonjwa wa Ulanga alitegemea kivuko kuvuka Mto Kilombero. Sasa kuna daraja. Nenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, usiku huo huo. Njiani usile kitu, maana ya usingizi hutolewa tumbo likiwa tupu.